Mgeni Asiyepewa Jembe: Kwa Waliopandikizwa Konea na Wanaowatunza

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi wa kanisa hapa Kisumu, mbele ya watu waliopandikizwa konea, wanaongoja kupandikizwa, na jamaa zao. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, na maswali yaliyonikatiza nimeyaacha mahali pake.

Oyawore. Mulembe. Bwakire buya. Niliyemruka anisamehe, Kiswahili kitamfikia.

Kabla sijaanza, chupa hii ya dawa ya matone naiweka hapa mezani, imesimama wima, na naomba asiiguse mtu. Ina kazi yake baadaye.

Mimi ni muuguzi wa macho. Kupasua si kazi yangu. Daktari bingwa hupasua, aghalabu kule Nairobi, kisha mgonjwa anapanda basi la usiku anarudi huku kwetu na bandeji yake, na hapo ndipo zamu yangu inapoanza. Kwa hiyo leo hamtasikia habari za kisu. Nimekuja na swali ambalo nyote mmeshaniuliza, wengine kwenye foleni ya kliniki, wengine kwa simu usiku wa manane: kwa nini mwili wa huyu unakaa na konea ya marehemu miaka ishirini, na wa yule unaikataa kabla ya Krismasi ya kwanza?

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, kinachofunika sehemu nyeusi. Upana wake ni milimita 12 hivi, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Kina uhai lakini hakina damu. Hewa yake inatoka kwenye machozi, chakula chake kinatoka kwenye maji yaliyo ndani ya jicho. Mishipa ya damu inafika ukingoni, pale weupe wa jicho unapoanzia, inakomea hapo kama matatu iliyofika mwisho wa lami.

Shikeni hilo, maana mengine yote yanatoka hapo. Askari wa mwili, yaani chembe za kinga, husafiri kwa damu. Pasipo mshipa hawafiki, na wasipofika hawajui kwamba kuna mgeni. Ndiyo maana anayepewa figo hupimwa kwanza alingane na aliyempa, kisha anameza vidonge maisha yake yote, ilhali wengi wenu mlipewa konea ya mtu msiyemjua, bila kulinganishwa, mkarudi nyumbani na chupa ya matone tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hapewi jembe. Hata mwaka wa kumi bado ni mgeni, na bado kazi yako ni kumficha askari wasimwone.

Upandikizaji wa kwanza uliofaulu kwa binadamu ulifanywa tarehe 7 Desemba 1905 na daktari Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyeitwa Alois Glogar, aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Vipande viwili vya konea vilitoka kwenye jicho moja la mvulana wa miaka 11, jicho lililotolewa kwa sababu lilikuwa limeingiwa na vipande vya chuma. Zirm akampandikiza Glogar macho yote mawili. Moja likaharibika. La pili likabaki angavu, na bwana yule akarudi kazini. Leo hii Glogar akiingia kliniki, tungemweka katika kundi la hatari kubwa kabisa, kwa sababu chokaa huita mishipa ya damu kama mzoga unavyoita nzi. Na Zirm hakuwa na matone ya steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na kuwapoza askari wa mwili. Dawa hizo hazikuwepo mpaka katikati ya karne ile. Alibahatika jicho moja kati ya mawili.

Sasa mkija kwenye mashine ya taa, ile mnayoweka kidevu, daktari anaigawa konea yenu robo nne kama chapati. Anaangalia ni robo ngapi ambazo mishipa imevuka ukingo ikaingia. Ikiwa imeingia kwa kina katika robo mbili au zaidi, faili inawekwa alama. Mishipa hiyo haikujileta. Iliitwa na kidonda cha zamani. Mkulima wa Muhoroni alichomwa na jani la muwa, kidonda kikaota kuvu, akakaa nacho miezi akinunua dawa kwa kukisia. Fundi wa ujenzi alirukiwa na simiti mbichi, akapangusa kwa shati badala ya kuosha kwa maji mengi papo hapo. Kijana wa gereji, asidi ya betri. Mwingine ana kirusi cha herpesi, kile kile kinachotoa vidonda mdomoni, ambacho kikishaingia jichoni hakiondoki. Kinalala kwenye neva na kuamka kikipenda, na kikiamka chini ya konea mpya huleta mambo mawili kwa mpigo, ugonjwa wenyewe na kukataliwa. Na kuna waliotiwa maji ya majani jichoni wakiwa watoto. Simlaumu bibi wa mtu, alitumia alichokuwa nacho. Lakini kila kidonda kilichimba barabara, na barabara hizo hata zikikauka hazifutiki. Uvimbe ukirudi, damu inazikuta ziko wazi.

Linganisheni na vijana wenye keratokonasi, wale ambao konea yao imekonda ikachongoka mbele kama ncha ya yai. Pale hakuna mishipa, kitanda ni safi. Wakifuatiliwa vizuri, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa bado wana konea angavu mwaka unapoisha. Shida yao iko mikononi, na nasema mikononi kwa maana yake kamili: wengi wana aleji ya macho, na mwenye aleji husugua. Mama aliyeko pale nyuma anacheka kwa sababu anamjua ninayemsema. Ukisugua unaamsha uvimbe, unalegeza nyuzi zilizoishonea konea, na unaita ile mishipa ambayo Mungu alikunyima kwa heri yako. Aleji itibiwe kabla ya upasuaji, na itibiwe baada yake pia.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Konea kubwa mno, inayofika karibu na ukingo, imejisogeza yenyewe jirani na damu. Mtoto mdogo hukataa kwa urahisi kuliko mtu mzima, kwa kuwa askari wake ni wakali zaidi, na nyuzi zake hulegea mapema. Jicho kavu au kope zinazokwaruza huichosha konea kila siku. Mwenye presha ya jicho hupoteza konea hata bila kukataliwa, na upasuaji wa presha nao huongeza mzigo.

Na yule aliyekwisha kukataa mara moja. Huyo ndiye ninayemwogopea zaidi. Mwili una kumbukumbu kuliko mwenye duka anayekudai. Mgeni wa pili anapokuja, askari wana picha yake tayari.

(Hapa mzee mmoja aliinua mkono. Akauliza: “Sista, hizi konea tunaambiwa nyingi zinatoka ng'ambo. Yangu yaweza kuwa ya mzungu. Si ndiyo sababu mwili unaikataa?”)

Asante, mzee wangu, hilo wengi wanaliuliza kwa kunong'ona. Konea haina rangi. Haina Mjaluo wala mzungu, ukiishika mkononi ni kama kipande cha nailoni safi. Mwaka 1992 Marekani walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kwa wagonjwa wa hatari kubwa, wale wa mishipa robo mbili na kuendelea au waliokwisha kukataa. Walitaka kujua kama kulinganisha tishu za mtoaji na za mpokeaji kutapunguza kukataliwa. Hakukupunguza. Kundi la damu ndilo lililoonekana huenda linasaidia kidogo. Kilichohesabika zaidi kilikuwa hali ya jicho linalopokea, na mgonjwa kutumia matone na kurudi kliniki. Kwa hiyo, mzee, usimchunguze marehemu. Chunguza kitanda alichotandikiwa.

Mwingine aliniuliza wiki jana kama kukataliwa ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Sitamcheka mtu kwa mila yake. Nilimwambia hivi: mimi nimeona kukataliwa kwa macho yangu kwenye mashine, na kila mara kulikuwa na chembe nyeupe za damu zinazotembea. Matambiko yakifanyika, yafanyike, lakini matone yasisimame hata siku moja kwa ajili yake.

Sasa niwaambie kosa langu.

Alikuwa mvulana wa kidato cha tatu, keratokonasi, konea safi kabisa, mwezi wa nane tangu apasuliwe. Mama yake anauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Ijumaa jioni akanipigia: “Sista, jicho la mtoto limekuwa jekundu kidogo. Anasema ni kama kuna mchanga.” Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nashuka kwenye tuktuk na mizigo. Nikamjibu, “Mama, hilo ni vumbi. Mwoshe uso, njoo naye Jumanne siku ya kliniki.”

Jumanne akaja amejifunika jicho kwa daftari, kwa sababu mwanga ulikuwa unamchoma. Nilipomweka kwenye mashine niliona uzi mmoja umelegea. Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko unywele, na zikilegea zinasimama kidogo tu juu ya konea, zinakusanya ute. Kutoka ukingoni mshipa mmoja mwekundu ulikuwa umetambaa moja kwa moja mpaka kwenye uzi huo, kama mtu aliyeelekezwa njia. Na nyuma ya konea, kwa ndani, mstari mweupe mwembamba sana. Mstari huo unaitwa kwa jina la daktari Khodadoust. Ni askari wamejipanga safu. Upande waliokwisha kupita konea imevimba na kuwa na ukungu. Upande wasioufikia bado ni kioo. Unaweza kuona kabisa vita vimefika wapi.

Ile safu ya ndani ndiyo roho ya konea. Chembe zake ndizo pampu zinazotoa maji ili kioo kisivimbe. Mtu mzima mwenye jicho zima ana kama 2,500 kwa kila milimita mraba, na zikifa hazizaliwi tena. Siku nne nilizompa yule kijana zilikuwa siku nne za askari kutembea. Tulimpa matone ya steroidi kila saa, mchana na usiku. Jekundu liliondoka. Ukungu haukuondoka. Sasa yuko kwenye orodha akingoja konea ya pili, na mmesikia nilivyosema kuhusu konea ya pili. Makadirio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba duniani kuna konea moja kwa kila watu 70 wanaoihitaji.

Mama yake hakunilaumu. Aliniletea omena. Hizo omena zilinishinda kupika.

Kwa hiyo hakuna atakayewaambia tena kwa simu kwamba ni vumbi. Wala mimi. Jicho lililopandikizwa likiwa jekundu, au mwanga ukiliumiza, au likiona ukungu kuliko jana, au likiuma, unakuja siku hiyo hiyo. Hata moja tu kati ya hayo linatosha. Usingoje yatimie manne. Ikiwa ni Ijumaa jioni, unakuja Ijumaa jioni. Na nauli ikikosekana, azima. Habari ya SHA, bima ya afya ya serikali, na nani analipia nini tukiianza hapa tutakesha.

Kuna jambo ninalowafunza wagonjwa wangu ambalo halina gharama. Kila asubuhi, ukishapiga mswaki, funika jicho lile lingine kwa kiganja, tazama kalenda ukutani kwa jicho lililopandikizwa, umesimama pale pale ulipokuwa umesimama jana. Mmoja wangu hutazama mabati ya jirani, anahesabu misumari. Siku alipopoteza msumari mmoja alipanda boda akaja. Alikuwa ameanza kukataa, tukawahi, konea ikarudi kuwa angavu. Kukataliwa kukiwahiwa mara nyingi kunarudishwa nyuma. Msichanganye kukataa na kufa kwa konea. La kwanza ni moto jikoni, la pili ni nyumba kuungua.

Hatari kubwa zaidi iko katika mwaka wa kwanza na nusu hivi. Lakini imeonekana hata baada ya miaka ishirini, kwa hiyo anayejiita mkongwe hapa asijisahau. Na nyuzi zikitolewa, siku hizo pia ni za hatari; ndiyo maana daktari hukuongezea matone wakati huo, nawe unadhani amesahau kwamba ulikuwa unapunguza. Chanjo msikimbie, ila mwambieni daktari kabla, kwa sababu kuna ambao mwili ulikataa konea wiki chache baada ya kuchanjwa, na pengine atataka uongeze tone kwa muda.

Haya, chupa. Mzee wa mstari wa mbele, uliyevaa kofia, hebu ishike taratibu bila kuitikisa, uielekeze dirishani. Unaona nini chini?

(“Kitu cheupe. Kama uji uliosimama.”)

Mmemsikia. Hii ni prednisoloni asiteti, ile steroidi mnayopewa wengi wenu. Ni unga uliochanganywa na maji, na unga hutuama. Imesimama hapa dakika ishirini tu. Ukidondosha sasa hivi, unajitia maji, dawa umeiacha chini. Kisha mwisho wa mwezi unajitia unga mtupu. Nimekutana na mama aliyetumia matone kwa uaminifu kuliko padri anavyosali, saa kwa saa, na jicho likakataa, kwa sababu hakuna aliyemwambia atikise. Tikisa mpaka iwe nyeupe yote kama maziwa, halafu dondosha. Tone moja linatosha. La pili linateremka shavuni. Kama una dawa mbili, pumzika dakika tano katikati, la sivyo ya pili inaisukuma ya kwanza nje. Na mdomo wa chupa usiguse kope.

Tuhesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huangukia. Chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Ukiandikiwa mara sita kwa siku, ni siku kumi na sita, na hapo hujamwaga hata moja. Ukiandikiwa kila saa ukiwa macho, haifiki wiki. Lakini mtu anapewa chupa moja na tarehe ya kurudi baada ya mwezi, naye kwa heshima anangoja tarehe. Dawa imeisha tarehe kumi na sita, kliniki ni tarehe thelathini. Siku kumi na nne mgeni amekaa sebuleni bila pazia. Steroidi haikatwi ghafla, hupunguzwa hatua kwa hatua kwa miezi, na wengine hubaki na tone moja kwa siku miaka na miaka. Chupa ikibaki robo, anza kutafuta nyingine.

Kwa upande wa pili, usiende kwenye duka la dawa ukaongeza mwenyewe. Steroidi hupandisha presha ya jicho kwa watu wengine, na presha haiumi mpaka imeshaharibu. Pia huleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana tunakupima presha kila ukija hata kama unaona vizuri. Na ukipewa kemisti chupa “inayofanana”, soma jina. Nimeletewa matone ya kuua viini tu, yamepewa mgonjwa badala ya steroidi kwa kuwa kifuniko kilikuwa cha rangi ile ile.

(Msichana mmoja akauliza kama kulia kunaharibu konea.)

Hapana, binti yangu. Lia ukitaka. Machozi ndiyo yanayoipa hewa. Ila jifute shavu, usifute jicho.

Wanaongoja kupasuliwa, muulizeni daktari jambo moja: je, safu yangu ya ndani bado ni nzima? Kwa baadhi ya wenye keratokonasi inawezekana kubadilisha tabaka za mbele peke yake na kuiacha safu yako mwenyewe pale ilipo, na mwili hauwezi kuikataa safu ambayo ni yake. Kwa wengine, ambao safu ya ndani ndiyo iliyokufa na mbele ni kuzima, hupandikizwa ile safu ya ndani tu, nyembamba kuliko karatasi, na kukataliwa huko ni kwa nadra sana kuliko konea nzima. Si kila jicho linafaa, na si kila hospitali inafanya. Lakini kuuliza ni bure.

Chai iko tayari, naona akina mama wa jikoni wananiangalia vibaya. Kabla hamjaenda, kila mwenye nyuzi apite hapa mbele na kadi yake na chupa yake. Nina tochi, na nataka kuona chupa imebaki kiasi gani. Mzee wa kofia, anza wewe. Tangu nilipotaja uzi uliolegea nimekuona unapepesa jicho la kushoto.